BEI YA BESI KUUKUU
Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Bendi mbele ya wanachama, Kitengela



Tumeombwa tuseme leo juu ya bei ya tuba, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito ambayo sisi wa bendi twaiita besi. Twajua wengine mtanung'unika. Mtu atasema: mshahara hautoshi, nauli ya kwenda mjini haishikiki, na hawa wanatuletea habari za matarumbeta! Subirini kidogo. Katika habari hii zimo shilingi 70,000 za chama, na imo haki ya mjane wa mwenzetu. Tena limo jambo ambalo kila mfanya kazi alijue: namna ya kutia bei kitu ambacho mwenye kukiuza hajui thamani yake.

Kwanza twaungama kosa letu wenyewe. Miaka mitatu iliyopita kamati hii ilitumwa Nairobi kununua besi. Tukaonyeshwa moja iliyong'aa kama sahani ya harusi. Hatukuipuliza vya kutosha wala hatukuvuta bomba lake hata moja. Tukatoa shilingi 55,000 tukarudi tukiimba garini. Mwezi haukwisha, vanishi ikaanza kubabuka, na chini yake tukakuta matundu madogo yaliyozibwa kwa risasi ya kulehemu. Mtu akipuliza, pumzi yatoka njiani. Besi ile sasa inaning'inia ukutani ofisini, nanyi nyote mmeiona. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile ilijitembeza mbele yetu, nasi tukadhani inajiuza.

Kwa sababu hiyo, mwenzetu mpiga besi alipofariki mwaka jana, bendi ilimzika bila besi. Mtu aliyepuliza sauti ya chini zaidi ya miaka thelathini alisindikizwa kwa sauti za juu tu. Waliokuwapo Kajiado siku ile walisikia upungufu huo hata kama hawajui muziki.

Baada ya arobaini, mama mjane akamwita Katibu nyumbani kwake, pale Kajiado. Chini ya kitanda ilikuwamo besi ya marehemu, imefunikwa blanketi. Si mali ya chama. Marehemu aliinunua kwa fedha zake mwaka 1987, wakati bendi moja ya kanisa ilipopata vyombo vipya, na risiti ipo. Mama akauliza swali moja tu: "Niwaambie watu bei gani?" Maana watu wawili walikwisha fika.

Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na mizani yake, akaipima, ikawa kilo 10. Kwa shilingi 450 kila kilo, akampa bei ya shilingi 4,500. Wa pili alitoka Nairobi kwa pikapu. Yeye hakupima. Aliigeuza mara mbili, akasema vali zimekufa, akatoa shilingi 18,000 taslimu, na akataka jibu kabla jua halijatua. Wa tatu tulikuwa sisi. Tawi lilikuwa limekwisha kutupa idhini ya shilingi 30,000, kabla hata hatujaiona.

Ndugu zetu, yule wa mizani msimcheke. Kwa kazi yake alisema kweli. Tuba ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na shaba ina bei yake. Lakini kuipima besi kwa kilo ni kama kumpima ng'ombe wa maziwa kwa ngozi yake. Wenyeji wa Kajiado hapa mwajua zaidi yetu: mnadani ng'ombe hanunuliwi kwa pembe. Mtu humfungua kinywa akatazama meno, akamshika kiwele, akamtembeza, akauliza ametoka boma gani. Besi nayo ina meno yake na boma lake. Basi tukafanya hivyo, hatua kwa hatua, na twawaeleza ili siku nyingine msitutegemee sisi tu.

Hatua ya kwanza ni kuuliza: ni ya nani? Tazama jina la mtengenezaji, lililochorwa kwenye mdomo mpana wa juu, kisha tafuta nambari. Katika vyombo vya Waingereza nambari mara nyingi imepigwa kwenye vali ya pili. Nambari hiyo husaidia kujua umri wa chombo, na pia husaidia kujua kama kimeibwa. Wizi wa besi si hadithi: huko Los Angeles, Marekani, katika miaka ya 2011 na 2012, shule kadhaa zilivunjwa usiku zikaibiwa matuba, kwa kuwa bendi za Wameksiko za mji ule zilikuwa zikiyatafuta sana. Hapa kwetu twajua jinsi nyaya na vifuniko vya mitaro vilivyopotea, hata serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 na kuifungua tena mwezi wa Mei mwaka ule ule. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 yataka mnunuzi awe na leseni na aandike alichonunua na kwa nani. Asiye na risiti, usinunue kwake hata akipunguza bei nusu. Ya marehemu ilikuwa na risiti. Jina lake lilikuwa Boosey & Hawkes wa London, na nambari yake ilionyesha kuwa imetengenezwa katika miaka ya 1950.

Jina hilo lina uzito. Boosey na Hawkes zilikuwa kampuni mbili hadi zilipoungana mwaka 1930, na vyombo vyao vilienea kila mahali bendera ya Kiingereza ilipofika. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, lilikuwa na kiwanda chake lenyewe huko St Albans, nacho kilitengeneza vyombo vya bendi hadi kilipouzwa mwaka 1972. Kwa hiyo vyombo vya namna hii vimetawanyika nchini petu, makanisani, mashuleni na chini ya vitanda, na wengi walio navyo hawajui walicho nacho. Na kupenda kwetu tarumbeta si kwa jana. Kule pwani, Lamu na Mombasa, vijana walikuwa wakicheza beni tangu miaka ya 1890, wakifuata mwendo wa bendi za askari na kuugeuza kuwa wao.

Hatua ya pili ni vali. Vali ndiyo roho ya besi; mwili waweza kunyoshwa, roho ikichakaa gharama ni kubwa. Kuna kipimo kisichohitaji fundi. Shika bomba dogo la vali moja, livute taratibu bila kubonyeza vali. Ngoja kidogo, kisha bonyeza. Ukisikia mlio kama kizibo kinachotoka chupani, vali inashika hewa vizuri. Ukisikia kimya, hewa imepenya kando ya pistoni, vali imelika. Ya marehemu ilikuwa na vali nne. Mbili zilitoa mlio mzuri, moja mlio hafifu, na moja haikushuka kabisa. Lakini haikuwa imekufa, kama alivyosema yule bwana wa pikapu. Ilikuwa imekauka mafuta na kuingia vumbi, na vumbi la Kajiado mwalijua. Tukaitia mafuta, tukaiacha nusu saa, ikashuka. Kimya ile ilikuwa imempunguzia mama bei, na dawa yake ni chupa ndogo ya mafuta.

Tazameni pia nyuma ya vali. Kama kuna mabomba madogo ya ziada yanayozunguka, hiyo ni besi ya namna ya kujisahihisha. Mtu akibonyeza vali nyingi pamoja, sauti ya besi ya kawaida hupanda kidogo ikatoka nje ya wimbo. Mtaalamu wa kampuni ya Boosey, David Blaikley, aliliponya jambo hilo mwaka 1874 kwa kupitisha hewa katika mabomba hayo ya ziada. Besi yenye mabomba hayo ni nzito zaidi, ni kazi ngumu zaidi kiwandani, na bei yake huwa juu zaidi. Ya marehemu inayo.

Hatua ya tatu ni ngozi yake. Kubonyea si ugonjwa mkubwa. Besi iliyopigwa katika gwaride miaka mingi itakuwa na mabonde, na fundi hodari huyanyosha. Kinachoogopesha ni madoa mekundu yanayotoka ndani, hasa katika bomba la kwanza linalopokea pumzi na mate. Hapo zinki imekwisha kutoka katika shaba, na chuma kimekuwa kama mkate mkavu. Tia tochi ndani, pitisha kidole nje. Na chombo kinachong'aa kuliko umri wake kiulizeni maswali mara mbili; hilo tumelilipia shilingi 55,000. Ya marehemu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya shambani, lakini haikuwa na doa jekundu hata moja.

Hatua ya nne ndiyo iliyotushinda sisi wenyewe kwanza. Tulipuliza besi pamoja na kinanda, vikagombana. Tukadhani ni mpigaji. Tukabadilisha mpigaji, vikagombana vile vile. Kijana mmoja akafungua programu ya simu inayopima sauti, tukaona besi iko juu karibu robo ya toni kila mahali. Hapo ndipo mzee mmoja wa bendi alipotukumbusha habari ya kipimo cha zamani.

Leo dunia imekubaliana sauti ya A iwe mitetemo 440 kwa sekunde, kama ilivyopendekezwa na mkutano wa London mwaka 1939. Lakini bendi za shaba za Uingereza, pamoja na za Jeshi la Wokovu, ziliendelea kutumia kipimo cha juu cha karibu 452 hadi miaka ya 1960. Vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili yao kabla ya hapo ni vifupi kidogo. Besi moja ya namna hiyo ikiwa na wenzake wa rika lake haina kosa. Ikiwekwa kati ya vyombo vya leo, ni kama mtu mmoja anayetembea haraka kuliko gwaride lote.

Dawa ipo. Bomba la besi ya E-flati lina urefu wa karibu mita nne. Ili ishuke hadi 440, hapana budi kuongezwa karibu sentimita 11, na mabomba ya vali nayo yaongezwe kila moja kwa kiasi chake. Fundi anayejua shaba aweza, lakini si kazi ya mtu wa kuchomelea milango. Kwa hiyo mwenye kununua besi kuukuu ya Kiingereza bila kupima sauti amenunua mbuzi ndani ya gunia.

Sasa neno la tano, nalo ni neno "adimu". Yule wa pikapu alipoona mama anasita, alisema besi hii ni adimu mno, kwa hiyo haina vipuri, kwa hiyo ni rahisi. Mwingine angesema ni adimu, kwa hiyo ni ghali. Wote wawili hawasemi kitu. Adimu peke yake si bei. Besi yaweza kuwa adimu kwa sababu ilitengenezwa vibaya na watu wakaiyeyusha.

Tuwape mfano wa adimu ya kweli. Mwaka 1933 kampuni ya York ya Grand Rapids, Marekani, ilitengeneza matuba mawili makubwa. Moja lilikuwa kwa mwalimu Philip Donatelli wa Philadelphia. Akamwuzia mwanafunzi wake, Arnold Jacobs, kwa dola 175, naye akailipa dola tano tano kila juma. Jacobs aliingia okestra ya Chicago mwaka 1944 akakaa humo hadi 1988, akisifiwa ulimwenguni kote, na besi zile mbili baadaye zikawa mali ya okestra. Viwanda vya leo vimezipima kila bomba ili kuziiga. Thamani yake haikutoka katika uchache wala uzee. Ilitoka katika sauti, na katika watu waliotaka sauti ile. Tena York hao hao walitengeneza matuba mengi ya kawaida, na mtu akikuonyesha jina la York tu akadai bei ya Chicago, mwambie akuchezee kwanza.

Basi, ndugu, baada ya hatua hizo tukafika kwenye hesabu. Tuliuliza wapigaji na bendi za Nairobi, si bei inayotajwa na wauzaji, bali bei ambayo mtu alilipa kweli. Haya mawili hutofautiana sana. Tukaambiwa besi ya namna hii, nzima na ya kipimo cha leo, ilipata kuuzwa shilingi 150,000. Tukatoa 35,000 za kutengeneza vali na mabonde. Tukatoa 20,000 za kurefusha mabomba. Tukatoa 10,000 za kipulizio na sanduku, kwa kuwa havikuwapo. Tukatoa 15,000 za hatari, maana chombo cha miaka sabini chaweza kuficha neno. Zikabaki 70,000.

Twasema wazi kwamba hesabu hii si sheria ya Musa. Mtu angeweza kubishana nasi juu ya 10,000 huku au huku. Lakini ni hesabu inayoonekana, kila tarakimu ina sababu yake, na ndiyo tofauti kati ya bei na kubahatisha.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Tulikuwa katika matatu, tunarudi kutoka Kajiado, na kabla hatujafika Isinya mmoja wetu akasema: "Mama amekwisha pewa 18,000. Sisi tunazo 30,000. Tukimpa hizo atatubariki. Kwa nini kumwambia habari ya 70,000?" Na kwa kweli hakusema kwa ubaya. Alikuwa akilinda fedha zenu. Tena mmeona tulivyozipoteza mara ya kwanza.

Lakini mwingine akajibu maneno ambayo yalitunyamazisha hadi Kitengela. Akasema: "Kila tunapokaa na mwajiri, tunalalamika kwamba yeye anajua bei ya kazi yetu kuliko sisi. Anajua tani zilizotoka, anajua mizani, anajua faida. Sisi twajua uchovu tu. Tumeunda chama ili asitumie ujinga wetu kama punguzo. Leo sisi ndio tunaojua, na mama hajui. Tutakuwa chama gani?"

Ndugu, hatukupata jibu. Jumamosi iliyofuata tukarudi Kajiado na hesabu yote imeandikwa kwenye karatasi, tukaisoma mbele ya mama na wanawe wawili. Tukamwambia: besi yako ni ya 70,000 kwa kadiri ya ujuzi wetu, sisi tunazo 30,000. Yule wa pikapu aweza kuongeza ukimwonyesha karatasi hii. Uko huru.

Mama alinyamaza, kisha akasema marehemu angependa ipigwe na watu anaowajua. Lakini watoto wana karo. Mwanawe mkubwa akasema neno la haki: hawawezi kuikopesha bendi kwa maneno matupu. Tukaandika mkataba. Shilingi 30,000 siku ile ile. Zinazobaki 40,000, kwa miezi minane, 5,000 kila mwezi. Bendi yapewa besi ipige, lakini besi ni mali ya mama hadi shilingi ya mwisho. Tukishindwa, anaichukua na hatudai kitu.

Hadi leo tumelipa miezi sita. Mwezi wa nne tulichelewa siku kumi na moja, kwa kuwa michango haikuingia. Mwenyekiti wa kamati alipanda gari akaenda Kajiado kuomba radhi kwa mdomo wake. Mama alimpa chai. Lakini chai si risiti, na hatutaki kuinywa tena kwa sababu hiyo. Imebaki miezi miwili, shilingi 10,000. Besi yenyewe imekwisha kurefushwa, inaimba pamoja na wenzake, na waliosimama karibu nayo Siku ya Wafanyakazi, Mei mosi, wamesema waliisikia tumboni.

Basi kwa kumaliza, twawaachia maneno haya. Kitu kuukuu msikipime kwa mng'ao wala kwa kilo. Ulizeni ni ya nani na ina risiti gani. Pimeni roho yake, kisha ngozi yake, kisha sauti yake. Msisikilize neno "adimu" mpaka mmesikia adimu kwa nani. Tafuteni bei iliyolipwa, si iliyotajwa, mtoe gharama moja moja kwa kalamu. Anayewaharakisha, mwacheni aende. Na siku ninyi ndio wajuzi na mwenzenu ndiye asiyejua, wekeni karatasi mezani.

Mwenye mchango wake wa bendi, mtunza hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Deni la mjane halingoji mwezi mwandamo.

Umoja ni nguvu.